Mlima wa Mara Tatu

Mtaa mzima ulimwita Mama Tangi. Kwa miaka sita alikuwa akipeleka maji kwa tela, matangi matatu kila siku, kwenye shule ya bweni iliyo juu mlimani, hadi pikapu yake ndogo ilipochemka na injini ikafa. Mwalimu mkuu alimpa siku mbili: apate gari, au kazi apewe mwingine.

Siku ya pili asubuhi alisimama kwenye yadi ya dalali, mbele ya pikapu mbili. Moja iling'aa, yenye injini ya lita moja na nusu na turbo ya kuiongezea nguvu. Nyingine ilikuwa imepauka, injini lita nne.

"Shemeji, chukua hii mpya," alisema mdogo wa mumewe. "Nguvu zao ni sawa. Lile lingine ni kabati lenye magurudumu."

"Tuifungie tela hiyo mpya kwanza, kisha kabati, tuone."

"Tangi tupu linatosha kujaribia, mama," dalali akaingilia.

"Kwani wanafunzi wanakunywa hewa?"

Tangi likajazwa. Ile yenye injini ndogo ikapanda mlima wa shule mbio, shemeji akashangilia.

"Hiyo ni mara moja," alisema Mama Tangi. "Kazi yangu ni mara tatu."

Wakashuka, wakapanda tena papo hapo. Mara ya tatu, katikati ya mlima, mshale wa joto ukaingia kwenye nyekundu. Akaegesha kando.

"Haina kosa," aliwaambia. "Ila kwa mzigo huu inajikamua kutwa nzima. Injini kubwa haijikamui, ndiyo maana inadumu."

"Na dizeli litakavyobugia, shemeji?"

"Dizeli nitanunua kila siku. Injini sitaki kununua kila mwaka."

Waliporudi yadini aliwasha ile kuukuu, akafungua kifuniko cha oili na kukinga kiganja juu ya tundu. Hakuna moshi uliokisukuma kiganja. Basi, injini haijachoka. Akafunga tela.

Ilipanda polepole, ikinguruma bila haraka. Mara ya kwanza mshale haukutikisika, wala ya pili. Mara ya tatu hakugeuzia nje ya lango la shule kama awali. Alipiga honi, mlinzi akafungua, naye akaingiza tela hadi kwenye hodhi la maji la shule.

"Mama, hatujaandikishana!" dalali alipiga kelele kutoka kiti cha pembeni.

"Tutaandikishana," alisema, akishuka kufungua bomba. "Maji kwanza."