Ukurasa wa Mwisho wa Wimbo wa Bibi Hana

Harufu ya vidonge vya kufukuzia nondo ndiyo harufu ya woga kwangu hadi leo. Ilikuwa ndani ya kabati la Bibi Hana, mzee wa Kiyahudi aliyeishi peke yake Highview, kusini mwa jiji la Louisville tulikokimbilia kama wakimbizi, nami nilikaa humo katikati ya makoti mazito yaliyonigusa usoni. Mama ndiye aliyekuwa akimhudumia: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa zake. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi na mmoja, shule zimefungwa, na nyumbani, mtaa wa Shively, hakukuwa na mtu wa kukaa nami, basi Mama akawa ananichukua kazini kwa siri. Kampuni iliyomwajiri ilikataza kabisa. Kengele ya mlango ikilia tu, mbio kabatini, nabana pumzi. Msimamizi akinikuta, kazi ya Mama imekwisha, na hatukuwa na nyingine.

Bibi Hana alikuwa na piano na wimbo mmoja. Ulikuwa wimbo wa mama yake, kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Aliuimba kila siku, na kila siku alikwama pale pale, akajipiga goti kwa hasira. Karatasi za muziki wake, alisema, zilipotea alipohama. Kumbe! Zilikuwa mle kabatini, ndani ya boksi bapa nililokuwa nikilikalia: karatasi tatu zilizopauka, noti za sauti na piano. Ningempa siku ile ile, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi na kupenda kusifiwa! Noti nilifundishwa shuleni, na kinanda cha kanisani nilikizoea. Nikataka niujue kwanza, kisha nimshangaze. Nikazificha ndani ya blauzi, nikaenda kuzilaza chini ya godoro langu.

Jumamosi asubuhi Mama alitandika kitanda changu, nikasikia mayowe. Karatasi ya tatu ilikuwa na mwisho wa wimbo upande mmoja, na upande wa pili maneno yote kwa herufi za Kiyahudi, nyeusi, zimejaa hadi pembeni. Kwetu Uvira, mji tulioukimbia kwa vita, juma alilofariki kaka yangu, ndani ya mto wake ilikutwa karatasi imeshonewa, yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma; watu wakasema amerogwa. Mama hakuwahi kuisahau. Sasa ameikuta tena, chini ya mtoto aliyembakia.

"Bon, nani aliingia humu? Nani alimuwekea mtoto wangu hii dawa?" aliuliza. Mama Furaha, jirani aliyekuwa akisali na Mama, akaja na kiberiti. Hawakutaka kungoja. Nje, ndani ya sufuria kuukuu, ile yenye herufi ikatangulia.

Na mimi? Kimya. Nikisema, mimi ni mwizi, na mama wa mwizi nani atamwingiza tena nyumbani kwake? Karatasi ikajikunja, ikawa nyeusi, na mimi naitazama. Mama alipoinua ya pili ndipo nilipopiga kelele, "Ni ya Bibi Hana! Ni wimbo wake!"

Mama aliketi chini kwenye majani. "Weye mtoto," alisema taratibu, "umeniua." Sikuwahi kumwona akiogopa hivyo, hata tulipokuwa tunakimbia vita.

Jumatatu alimrudishia Bibi Hana zile mbili, kwa mikono miwili, akasema mimi ndiye niliyezikuta kabatini. Bibi Hana alilia, akanibusu, akaniketisha kwenye piano. Nikapiga, akaimba, akapita pale pa kukwama, uso umechangamka, hadi chini kabisa ya karatasi ya pili. "Na ya tatu iko wapi?" Nilimtazama Mama. Mama alitazama sakafu. "Sikuiona," nikasema. Basi kiangazi chote kilichobaki alijikongoja na fremu yake ya kutembelea hadi kabatini, akapekua makoti mfuko kwa mfuko, na sisi tukimsaidia kutafuta. Ndiyo, tulimsaidia! Alifariki kabla majani ya miti hayajaanza kuanguka.

Siku hizi tunaishi Reynoldsburg, kando ya Columbus. Mwanangu akivunja kitu husema papo hapo, nami namwonea wivu. Kwangu mimi kengele ya mlango ikilia, shingo bado inageukia kabati. Wimbo ule niliutafuta miaka mingi, hadi mwaka huu muuza vitabu vikuukuu wa mji wa Buffalo aliponiandikia kwamba anao. Nikaendesha gari hadi huko mwenyewe, maana niliogopa kuuacha mikononi mwa posta. Karatasi tatu, kamili. Niliupiga Mama akisikiliza. Naye sasa magoti yamemgomea, anatembelea fremu. Ukurasa wa mwisho haukufika hata dakika moja.

"Njo hiyo tu?" aliuliza.

"Ni hiyo tu, Mama."

Mama aliigusa karatasi ya tatu. "Kama tungemwambia, angetufukuza?"

"Hapana, Mama. Asingetufukuza."

Akajifunika uso kwa kitenge. "Rudia," alisema, "rudia ule mwisho." Nikaurudia. Hakukuwa na wa kuuimba.