Fundi Saa Amchagulia Dada Yake Gemu

Watu hudhani mtengeneza saa ni mtu mwenye subira. Ni kweli, lakini nusu. Fundi Saa aliweza kuinamia saa ya mkononi tangu asubuhi hadi adhuhuri, lenzi jichoni, kibano kidoleni, akitafuta skrubu isiyozidi punje ya mchanga, wala asikohoe. Lakini mpe binadamu anayechelewa kufunga mlango, utamsikia akihema kama pasi ya mvuke. Saa ikikataa, alikuwa akisema, sababu iko ndani ya kasha. Binadamu akikataa, sababu utaitafuta wapi?

Na katika binadamu wote waliowahi kukataa, hakuna aliyemfikia dada yake.

Dada huyu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, maana nguo aliyoikunja yeye ilichakaa kote likabaki pindo. Alishona miaka thelathini na minane katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani chini ya dirisha, meza ya kukatia imeegemea ukuta. Kisha mwanzoni mwa mwaka kiharusi kikampata akiwa anatia uzi kwenye sindano. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi, tena Fundi Saa aliapa kwamba ulirudi umenolewa. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ulilala mapajani kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alisema hivi: vidole vina uhai, ila vimesahau kazi. Vikitumikishwa kila siku kwa miezi mitatu hii, vitakumbuka. Visipotumikishwa vitakakamaa, na sindano aiage. Akampa mpira laini wa kuminya.

Mama Pindo aliubeba mpira hadi nyumbani, akauweka juu ya kabati. "Nimelea watoto watatu," akasema. "Leo na mimi nipewe mpira?"

Wiki nne zikapita, mpira juu ya kabati, mkono mapajani. Fundi Saa akaenda kumshtaki kwa mtaalamu. Mtaalamu akawaza kidogo, akasema: "Basi mtafutie zile gemu za kubofya, za hadithi. Unaona chumba kwenye kompyuta, unasukuma kipanya, mshale unafika kwenye kitu, unabofya, hadithi inasonga. Mkono utafanya kazi bila kujua. Ila chagua ya wanaoanza. Ukimpa ngumu ataikimbia."

Chagua ya wanaoanza. Maneno matatu, na Fundi Saa akayabeba kama mtu aliyeagizwa chumvi.

Kompyuta ilikuwepo, ya binti wa Mama Pindo, ambaye mchana kutwa alikuwa kazini. Wakaiweka juu ya meza ya kukatia, wakasukuma kando mikasi na chaki. Fundi Saa akaenda kwenye duka la kompyuta la mtaa wa pili. Muuzaji alikuwa msichana aliyening'iniza vipokea sauti shingoni, utadhani daktari na kipimo chake cha moyo.

"Binti, nataka gemu ya kubofya. Nzuri."

"Nzuri kwa nani, baba?"

"Nzuri ni nzuri tu, mwanangu. Nina saa za watu zinaningoja."

Binti akampa ile iliyosifiwa na wateja wengi. Ilikuwa ya ngome ya zamani, giza, ngazi na popo. Fundi Saa akamkalisha dada yake, akasimama nyuma yake. Mshale ukasogea kidogo, ukasimama.

"Bofya ule mlango, dada."

"Naufuata."

"Ule, ule. Aa, leta hapa nikuonyeshe." Akachukua kipanya, akabofya yeye. Mtu wa kwenye gemu akaingia mlangoni, akatumbukia kisimani, akafa. Walipoanza upya aliliwa na mbwa. Mara ya tatu aliteleza kwenye ngazi. Kabla ya chakula cha mchana Mama Pindo alikuwa maiti mara sita.

"Mdogo wangu," akasema kwa upole ule unaotisha, "mimi huko kwa wafu nilifika mlangoni kwa miguu yangu. Sikupapenda. Wewe sasa unanirudisha kwa kubofya?"

"Si kufa hasa, dada. Unaanza tena."

"Nianze tena! Kiharusi nacho nianze tena?"

Fundi Saa akarudi dukani na kuomba iliyo rahisi kabisa. Akapewa ya sungura aliyepoteza kofia. Rangi tele, muziki wa kengele, na kila Mama Pindo alipogusa kitu, sungura aliruka na kupiga kelele: "Hongera!"

"Ananipongeza nini huyu? Nimegusa ndoo."

"Anakutia moyo."

"Mwambie aache."

"Dada, haambiki, ni gemu!"

"Basi na mimi siambiki." Akaizima, kwa mkono wa kushoto.

Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo alivyojisemea Fundi Saa njiani kwenda dukani mara ya tatu. Wahenga walikuwa sahihi kuhusu uji. Kuhusu gemu hawakuulizwa. Safari hii alileta ya mpelelezi katika hoteli: haina kufa, haina sungura, watu wazima wamevaa suti. Moyo wake ukatulia. Alivuta kigoda, akakaa kushoto kwa dada yake.

Mezani pa mapokezi palikuwa na ufunguo.

"Chukua ufunguo," akasema Fundi Saa.

"Wa nani?"

"Wa karani wa hoteli."

"Yuko wapi?"

"Ametoka."

"Basi tumsubiri arudi, tumwombe."

Fundi Saa akacheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Inafaa kueleza hapa kwamba Mama Pindo, katika miaka yote ya kushona, hakuwahi kubaki na kitambaa cha mtu. Kipande kilichobaki, hata kiwe chembamba kama utambi, alikikunja, akakifunga pamoja na nguo, akamrudishia mwenyewe. Mafundi wengine walishonea watoto wao vipande vya wateja, na mtaa ulijua. Yeye hakulala na uzi wa mtu. Mwanamke wa namna hiyo humwambii achukue ufunguo mezani.

Wakasubiri. Fundi Saa alitazama saa yake: dakika kumi na moja. Karani hakurudi, kwa sababu gemu ilikuwa imepangwa hivyo, asirudi mpaka ufunguo uchukuliwe.

"Dada, wote hawa ni picha! Ni watu wa kuchorwa! Chukua ufunguo, fungua sanduku la yule mama mgeni, beba na kisu cha jikoni, twende!"

"Na aliyechorwa hana mali yake? Tazama, sasa unasema nifungue sanduku la yule mama. Halafu kisu cha jikoni. Hii si gemu, huu ni wizi wenye muziki."

"Leta kipanya!" Akakinyakua, akabofya ufunguo, sanduku na kisu, tap tap tap, akaiba hoteli nzima kwa niaba yake, kisha akasimama. "Endelea kuanzia hapo. Mimi nina kazi." Akatoka, na njia nzima akawa anasema peke yake, hata muuza magazeti akampisha.

Zikapita siku, kila siku hivyo hivyo. Anakuja, anaelekeza, anakosa subira, ananyakua kipanya, anaondoka. Na kila alipomwuliza dada yake jioni kama amecheza, alijibiwa: "Nimecheza." Wiki tatu nzima. Alipoushika ule mkono wa kulia kuusalimia aliuona baridi na mgumu kuliko mwanzo, akastaajabu. Dawa inanywewa, na homa haishuki?

Siku moja alifika kwenye kibanda chake cha saa akakuta ameisahau lenzi kwa dada yake. Akarudi. Alipita mlango wa jikoni uliokuwa wazi, na kutoka pale akaona chumba cha mbele. Mama Pindo alikuwa anacheza ile gemu ya ngome, ile ya vifo, naye alikuwa ghorofa ya tatu, mzima wa afya. Mbwa alimpita. Kisima alikizunguka. Kipanya kilikimbia juu ya meza ya kukatia kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Kilikuwa katika mkono wa kushoto.

"Dada!" Sauti ilimtoka kama sahani iliyoanguka. "Wiki tatu! Wa kushoto uliumwa lini? Nani alikuambia ufanye mazoezi ya mkono mzima? Nimekwenda duka lile hata binti ananijua kwa kikohozi! Miezi mitatu wamesema, miwili inaisha, na wewe unapanda ghorofa kwa mkono wa kushoto!"

Mama Pindo aliuinua mkono wa kulia kwa kuushika kifundo na ule mwingine, akauweka juu ya kipanya kama mtu anavyoweka mtoto kitini. Mshale ukaanza kutetemeka. Ukaruka hadi pembeni, ukarudi, ukazunguka kama nzi kwenye kioo cha dirisha. Kwenye skrini palikuwa na pete ya kuokota, ndogo kama shanga. Mshale ulipita juu yake mara nane. Kidole kilipoinuka, mshale ulishafika darini.

"Unaona?" akasema. Hakuwa na ukali sasa. "Kichwa changu hakianzi leo. Ngome umeona nilipofika. Anayeanza ni huyu hapa, na hakuna hata gemu moja uliyomchagulia yeye. Na kila nilipotaka kumjaribu, wewe, 'leta hapa'. Nikaona haya. Mbele yako wewe, mwenye mikono inayoshika skrubu za mchanga."

Fundi Saa aliiokota lenzi yake aliyoifuata. Saa ya mtu hakuwahi kuifungua kabla ya kuuliza inaumwa wapi.

Asubuhi iliyofuata walikwenda dukani wote wawili, polepole, dada akimshika begani. Mama Pindo alikaa kwenye kiti cha wateja na kumhoji binti kama anayempima nguo.

"Vitu vya kubofya vina ukubwa gani? Sahani, au kifungo cha shati?"

"Ipo yenye vitu kama sahani, mama."

"Nikikawia, kuna kinachonikimbiza?"

"Hakuna. Inakusubiri hata wiki."

"Mkono ukitetemeka nikabofya mara mbili?"

"Ya pili haihesabiki. Na ukishindwa kujua pa kubofya, bonyeza kile kitufe kirefu cha chini, vitu vyote vinawaka."

"Hicho nitabonyeza kwa kushoto. Kushoto kunashika kitambaa, kulia kunashona. Na vitu vya kuokota ni vya nani?"

Binti akacheka. "Ni vyako, mama. Gemu yenyewe ni ya mwanamke aliyerithi nyumba kubwa, anafungua vyumba."

"Mbona hukuniambia habari za sahani na vifungo mimi?" akauliza Fundi Saa.

"Baba, ulisema nzuri ni nzuri."

Nyumbani, Mama Pindo aliweka sharti moja. "Ukigusa kipanya, njia unaijua."

Nyumba ikatokea kwenye skrini, na mlango mmoja mpana kama kiganja. Mkono wa kulia ukaanza safari. Mshale ukaenda bustanini, ukaenda mawinguni, ukarudi. Fundi Saa alikalia mikono yake yote miwili. Jasho lilimtoka kwapani. Mara mbili mshale uligusa mlango na kuuacha, na mara mbili meno yake yaligongana. Hatimaye ukatua katikati, ukatetemeka papo hapo bila kutoka. Sasa kidole. Kidole kililala.

"Bon—"

"Nyamaza."

Nje mtu alivuta ndoo kwenye sakafu. Kidole kikajikunja kidogo sana, kisha kikashuka.

Mlango ukafunguka. Mwanamke wa kwenye gemu akaingia ndani bila haraka.

"Imeuma," akasema Mama Pindo.

"Wapi?"

"Hapa kwenye kiungo. Tangu mwaka uanze hapajauma." Akakitazama kidole chake kama mfanyakazi aliyerudi kazini bila taarifa, mtu asijue amfokee au amkaribishe. Ndani ya nyumba ile palikuwa na ukumbi, na ukumbini milango mitano.

"Mitano!" akalia Fundi Saa. "Dada, mmoja umetumalizia nusu saa!"

"Nani kakuzuia kuondoka?"

Simu yake ikalia. Alikuwa mteja amesimama nje ya kibanda chake, amefuata saa ya ukutani aliyoahidiwa iwe tayari asubuhi hiyo.

"Njoo kesho," akamwambia. "Leo sitoki. Dada yangu anafungua mlango."

"Mlango gani huo, fundi, unaofunguliwa siku nzima?"

"Wa pili," akasema Fundi Saa, akakata simu, akaikalia tena mikono yake.