Nyumba Iliyomchukua Mama

Juzi kazini walinituma kwenye semina, nje kidogo ya mji wa Woodbury, huku ughaibuni. Nilipokata kona nikaiona nyumba ya mawe yenye veranda ndefu, nikabaki ndani ya gari dakika kadhaa. Siku hizi ni ofisi ya kampuni ya bima, na semina yenyewe ilikuwa humo. Zamani, mwenzangu, ndiyo nyumba iliyomchukua mama yangu.

Tulikuwa tunakaa mji wa Richfield, karibu na uwanja wa ndege, ndege zikipita juu ya paa. Mama alimtunza bibi mmoja wa Kizungu, mjane, aliyebaki peke yake katika nyumba ile ya shamba ya ukoo wao. Jumamosi alikwenda nami, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniachia. Nilikaa jikoni nikimenya viazi, nikimsikia ghorofani akimwimbia bibi nyimbo za kwaya, zile zile alizoniimbia mimi kabla hajaanza kurudi nyumbani hoi. Alimchana nywele. Alimpikia uji wa ulezi, akaupuliza kijiko kwa kijiko. Bibi akipiga kengele, mama aliniacha na maneno mdomoni.

Siku moja, nilipokuwa na miaka minane, niliificha kengele ile ndani ya gunia la viazi. Bibi akajaribu kushuka kitandani mwenyewe, akaanguka. Hakuvunjika, lakini mama alimkuta sakafuni akilia kama mtoto.

Nilikiri. Mama hakunipiga. "Hasidi hana sababu," alisema tu. Lakini mimi nilikuwa nayo, na aliijua.

Bibi mwenyewe ndiye aliyeniita. "Unamtaka mama yako?" aliniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Hata mimi," akasema. Mpaka leo sijui alimaanisha mama yangu au wake.

Bibi alifariki, warithi wakauza nyumba. Mama naye alitutoka mwaka juzi.

Siku ile ya semina, dada mmoja wa kampuni ya bima alitupandisha ghorofani. Chumba cha bibi sasa ni cha mikutano, kina meza ndefu na ubao mweupe. Nikamwambia mama yangu alifanya kazi humu.

"Vizuri sana," akasema. "Alikuwa idara gani?"

 Miaka bora ya mama iliishia kati ya kuta zile. Richfield tulipata masalio. Nikakaa karibu na dirisha mpaka semina ikaisha, nikiwaonea wivu wafanyakazi wale ambao kesho yake asubuhi wangerudi humo, waketi kutwa nzima, bila hata kujua wamekalia nini.