Nilichonga gitaa langu la bei nafuu ili lisikike ghali, kisha nikampaka fundi matope

Wakuu, niaje.

Kuna swali lililoninyima usingizi siku nne mfululizo, na naomba msinicheke kabla sijamaliza. Mtu akisikia gitaa likipigwa, anaweza kujua lilinunuliwa bei gani?

Sisemi mtu anayeliona. Nasema anayelisikia tu.

Najua hilo si swali la kumkosesha mtu mzima usingizi, lakini ndivyo nilivyo. Nitawaeleza kila kitu kama kilivyokuwa, bila kujipendelea. Kuna mahali nitaonekana mbaya, na mkifika hapo mtapaona wenyewe.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tano. Naishi Mutuini na dada yangu na mume wake. Degree ya uchumi nilimaliza mwaka juzi, kazi bado. Kitu pekee kilichokuwa kikinitoa nyumbani ni gitaa la umeme nililonunua nikiwa attachment, yale mafunzo ya kazini ya chuo. Jeupe, mwili wa plywood, aina ile ambayo kila duka la ala mjini limetundika moja mlangoni.

Nilikuwa nikilipiga kanisani. Jumapili moja ibada ilipoisha nikakuta mwanamume ananisubiri nje. Hakuwa muumini wetu. Alikuwa akipita barabarani akasikia.

Anaitwa Mutiso, ila kila mtu humwita Kapteni. Siku za kazi anasimamia yadi ya mbao karibu na Adams Arcade. Wikendi anaongoza bendi inayopiga kwenye harusi na sherehe za mahari za Wakamba.

"Msichana wangu, mtu wangu wa solo ameenda Qatar," akaniambia. "Jumamosi kuja mazoezi. Na ukuje na hiyo hiyo gitaa."

Hiyo hiyo gitaa. Alisema wazi kabisa, wakuu. Mimi nilishika maneno mengine yote isipokuwa hayo.

Mazoezi yao hufanyika kwenye ghala la ile yadi ya mbao. Siku ya kwanza ilienda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nyimbo zao zina solo inayozunguka juu kabisa ya gitaa bila kupumzika, na vidole vyangu vilikubali.

Tulipopumzika, mpiga besi, jamaa anaitwa Nzioka, akaliinua gitaa langu akaligeuza geuza.

"Madam, hii ulipewa bure ukinunua unga?"

Ghala zima likacheka.

"Na uliza kama ilikuwa ndani ya pakiti," mpiga drum akaongeza.

Kapteni pia alicheka. Mimi pia nilicheka. Kisha Kapteni akaniambia kwamba baada ya wiki mbili wana kazi Spring Valley, jamaa mmoja mkubwa anapokea wageni wa mahari ya binti yake.

"Shika hizi nyimbo na hiyo nafasi ya solo ni yako. Si ya siku moja. Ni yako."

Mtu mwingine angeenda nyumbani akafanya mazoezi ya nyimbo. Mimi nilienda nyumbani nikaanza kuchunguza kicheko cha Kapteni. Alicheka kwa nini? Alicheka kwa sekunde ngapi? Alipocheka aliniangalia mimi au gitaa? Kufikia Jumanne nilikuwa na uhakika kwamba wote walikuwa wakivumilia sauti ya gitaa langu kwa kunihurumia.

Nikafungua spreadsheet. Ndiyo, spreadsheet. Nikaorodhesha kila kasoro ya gitaa langu kwa mujibu wa wazungu wa YouTube. Kitu cha kwanza kwenye orodha kilikuwa pickup.

Kwa wasiojua, pickup ni kile kijisanduku chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi. Ndicho kinachookota sauti na kuipeleka kwenye amp, yaani kikuza sauti. Langu lilikuwa na tatu nyembamba, za bei rahisi, zenye sauti kavu na kali. Wazungu wale walisema hizo ni takataka. Dawa, walisema, ni humbucker, pickup pana yenye sauti nene na ya joto. Na nyuzi ziwe nene pia.

Humbucker nilipata ya mtumba, kwa kijana mmoja aliyekuwa na bendi ya rock ikavunjika. Nikaibeba pamoja na gitaa mpaka tao, katikati ya jiji, kwa fundi wa amp anayeitwa Ochieng. Ana kibanda ghorofani karibu na barabara ya Luthuli, amezungukwa na spika zilizofunguliwa vifua. Nilikuwa nimesikia ndiye anayetengenezea bendi ya Kapteni.

Ochieng alichomeka gitaa, akapiga nyuzi mara mbili, akalichomoa.

"Madam, hapa mgonjwa ni nani? Gitaa ama wewe?"

"Nataka sauti iwe nzito."

"Ya nani? Si umesema uko na akina Mutiso?" Akapima humbucker yangu kwa kidole. "Hii ni pana. Haingii hapo bila kukata mbao. Na ukikata hakuna kurudi. Mimi sikati. Enda nyumbani ulale."

Nikanunua kwake waya kidogo na risasi ya kulehemu, nikaondoka. Njia nzima nilijiambia amekataa kwa sababu hajui kazi hiyo.

Alhamisi, dada na mume wake wakiwa kazini, nilichukua patasi ya shemeji yangu nikaanza kuchonga mwenyewe.

Plywood haichongeki kama mbao. Inabanduka. Kila nilipopiga patasi, tabaka moja lilikuja na la pili likalifuata, na rangi nyeupe ikapasuka kuelekea mahali ambapo sikutaka. Ningeacha hapo. Lakini shimo lilikuwa tayari limeharibika, na nikafikiri kwamba nikimaliza, sauti itafidia sura.

Nilipokuwa nikiing'oa pickup ya zamani iliyokuwa hapo, waya wake ulikatika. Ni waya mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Ukikatika kwa ndani, basi. Niliutazama kwa muda, nikaendelea.

Jioni nililichomeka. Wakuu, lilikuwa na sauti tamu. Nene, laini, kama ya wale wa YouTube. Nililia kidogo kwa furaha. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nililia.

Jumamosi nikaenda mazoezi nikiwa nimefunika ule mpasuko kwa sticker.

Wimbo wa kwanza haukufika mwisho. Kapteni aliinua mkono. Akaenda kwenye amp, akakata bass, akapandisha treble, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akainua mkono tena.

"Sasa tuko na besi mbili," Nzioka akasema. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Ile gitaa ya juzi iko wapi?" Kapteni akauliza.

"Ni hii."

"Hii?"

"Ndiyo, Kapteni."

Alikuja akabandua sticker taratibu kwa ukucha. Akaona shimo. Akapitisha kidole kwenye kingo zake.

"Nyimbo zetu akina mama wanaimba wote pamoja, na filimbi, na vigelegele. Solo lazima ikate hapo katikati kama wembe. Ile gitaa yako niliisikia nikiwa ng'ambo ya barabara, na kanisa imejaa. Wenye kujua kupiga ni wengi, msichana wangu. Nilikuita kwa sababu ya ile sauti." Kisha akauliza, "Nani alifanya hii kitu?"

Hapa ndipo nilipowaambia mtapaona.

Nikasema, "Ni Ochieng. Nilimpelekea aangalie tu, nikarudi nikapata amekata."

Sikupanga kusema hivyo. Mimi ambaye hupanga hata namna ya kumwambia kondakta nashuka wapi, uongo ule ulitoka wenyewe, mzima, na jina la mtu ndani yake.

Kapteni akashusha pumzi. Uso wake ukalegea. "Basi hiyo si makosa yako. Tafuta ya kuazima, yenye sauti kavu kama ile yako. Jumamosi ijayo unapiga Spring Valley."

Nafasi ilikuwa bado yangu.

Nikiwa nafunga begi, Nzioka alikuja akanipiga bega. "Pole. Na ile ya unga usiweke moyoni. Hapa mtu tukimcheka ameshaingia. Mgeni hatumchekangi."

Nilienda nikasimama peke yangu nyuma ya magogo ya yadi. Nilikuwa nimeingia tangu siku ya kwanza. Nililiua gitaa langu ili nikubaliwe na watu waliokuwa wameshanikubali.

Jumapili nikaazima gitaa la kijana wa kanisani, la bei rahisi kama langu, sauti kavu safi. Nyimbo zote nilikuwa nazo vidoleni. Kila kitu kilikuwa sawa.

Jumatatu, kwenye group ya WhatsApp ya bendi ambayo nilikuwa nimewekwa siku mbili tu, Nzioka akaandika: "Amp zetu zote nimetoa kwa Ochieng. Nimeambia na wale wa bendi ya Kawangware watoe zao. Mtu wa kuharibia watoto gitaa hatumtaki."

Watu sita wakaweka dole gumba.

Siwezi kuwaeleza siku mbili zilizofuata. Sikula vizuri. Niliandika message ya kujieleza labda mara ishirini, na kila moja nilijikuta nimejitetea mahali. Dada aliniuliza, "Mwende, ni gitaa tu, ama kuna kitu ingine?" Nikasema ni gitaa tu. Nilijiambia Ochieng ana wateja wengi. Nilijiambia nipige Spring Valley kwanza, halafu niseme. Nilijua kabisa kwamba nikishapiga sitasema kamwe.

Jumatano mchana nikaenda yadi ya mbao bila kuandika chochote.

Kapteni alikuwa akipimia mteja mbao. Nilisubiri mteja alipe aondoke.

"Kapteni, Ochieng hakuguza gitaa. Alikataa kulikata. Nililichonga mwenyewe nyumbani, na patasi ya shemeji."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Kwa nini?"

"Niliona aibu nalo."

Akatoa simu, akapiga, akaweka loudspeaker, akanipa. "Mwambie yeye. Mimi si Ochieng."

Nikamwambia. Ochieng akasema, "Sawa. Nimesikia," akakata.

Kapteni akachukua simu yake, na papo hapo, nikiwa nimesimama, akaandika kwenye group kwamba Ochieng hana kosa na amp zirudi kesho asubuhi. Jina langu hakulitaja. Baadaye kidogo nikaona nimetolewa kwenye group.

"Gitaa ningesamehe," akaniambia huku akiokota futi yake ya kupimia. "Nimeona watu wakiharibu mbaya zaidi. Lakini kwa jukwaa mimi nageuzia watu wangu mgongo masaa sita, lazima niwaamini. Jumamosi tutaenda na kijana mwingine."

Nikasema asante. Sijui ni kwa nini nilisema asante.

Wakuu, funzo langu ni fupi. Kabla hujang'oa kitu kwenye gitaa lako, muulize anayekusikiliza anapenda nini ndani yake. Na ukiliharibu, sema ni wewe, siku hiyo hiyo, ingali rahisi.

Kama kuna aliyewahi kuziba shimo kwenye mwili wa plywood, aniambie alitumia nini. Na wenye la kunitukana, uwanja ni wenu, nitasoma yote.

Jumamosi, wakati bendi ikipiga Spring Valley, nilirudisha gitaa la kuazima, nikapanda ngazi mpaka kwa Ochieng, nikamwomba msamaha ana kwa ana mbele ya wateja wake.