Saa za Kwenda Dubai

Kazi yangu ni kukata tiketi za mabasi stendi ya Musoma, na kazi hiyo imenipa ugonjwa mmoja: mtu akiniuliza umbali, siwezi kunyamaza. Ukiniuliza Bunda, nitakuambia. Ukiniuliza Dar, nitakuambia mpaka mahali basi litakaposimama mpate kula, na chipsi za hapo zilivyo za baridi. Sikuwahi kujiuliza kama anayeuliza anataka kweli kujua.

Mwaka jana tulikuwa tunajiandaa kujengea kaburi la baba, kule nyumbani Suguti. Kaka yangu, kifungua mimba wa mama, anafanya kazi Dubai. Baba alipofariki hakuja kuzika. Alisema kwenye simu kwamba ni mbali mno, na mama akalipokea neno hilo lilivyo. Watu wa kanisani walipomuuliza, aliwajibu, "Yuko mbali sana, asingewahi," tena kwa fahari kidogo, maana si kila mama ana mtoto wa mbali.

Jumamosi moja nilimkuta uani anamenya mihogo ya kuanika makopa.

"Kutoka huko Dubai mtu anatumiaga siku ngapi?" akaniuliza. "Nataka safari hii kaka yako aanze kuja mapema, awahi kaburi."

Bahati mbaya siku hiyo mtandao ulikuwa unashika. Nikatafuta kwenye simu, nikamsomea kama ninavyowasomea abiria: mpaka Dar ni karibu kilomita elfu nne, na ndege inayokwenda moja kwa moja haimalizi hata saa sita.

"Saa?"

"Saa, mama. Akipanda asubuhi, mchana anakula Dar."

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimenogewa, nikaongeza kwamba basi la Dar hadi Musoma linatumia zaidi ya mara tatu ya muda huo, kwa hiyo ukihesabu kwa saa, Dubai iko karibu na Dar kuliko sisi. Niliona ni jambo la kuchekesha.

Mama hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Shangazi zako walitoka Dar kwa basi," akasema taratibu. "Walifika miguu imevimba. Na wakamzika ndugu yao."

Nikaanza kutia viraka: nauli, viza, bosi wa huko asiyetoa ruhusa, na kwamba kutoka Dar bado kuna Mwanza, halafu barabara. Yote yanaweza kuwa kweli, sikuwahi kumuuliza kaka. Mama alinisikiliza kwa adabu, kama abiria anayemsikiliza konda akieleza kwa nini gari limechelewa. Nilijichukia siku ile, na kaka nikamchukia zaidi.

"Hizo saa usimwambie mtu mwingine," akasema, akaendelea kumenya.

Kwenye kaburi kaka hakuja pia. Alipiga simu mafundi wakiwa wanachanganya saruji, akasema lile lile la mbali. Mama alimwitikia, "Ndiyo baba, najua," akamtakia kazi njema. Sauti yake haikubadilika hata kidogo.

Mchana, wanakwaya waliotoka Murangi walikaa kula ugali na sato. Mmoja wao, mama mtu mzima ambaye hana neno analolimeza, akauliza mbona kifungua mimba hata leo hayupo. Watu wakapunguza kutafuna.

"Dubai ni mbali," mama akasema. "Ndege yenyewe inalalaga njiani. Muulizeni huyu, ndiye anayejua mambo ya safari."

Wote wakanigeukia. Mama peke yake hakunitazama. Alikuwa ameinamia sahani, anachambua miba ya samaki.

"Inalala," nikasema. "Tena mara mbili."