Ukurasa Nilioruka

Kikundi chetu cha kusoma kina watu watano na nakala moja ya kila kitabu. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, nyuma ya duka la vitambaa hapa Bagamoyo. Wawili kati yetu hawasomi Kiingereza, kwa hiyo riwaya ya sayari yenye miezi miwili angani niliitafsiri mimi, sura moja kila wiki, kwenye daftari. Mimi ni fundi friji. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi. Nilikuwa nimewaomba wazipe riwaya za kisayansi nafasi ya sura tatu tu. Zikishindwa, turudi kwenye hadithi za upelelezi.

Katika sura ya tatu nilisoma jinsi meli ilivyoingia bandarini kwa maji ya bamvua, yale makubwa yanayokuja kila baada ya wiki mbili. Mama mmoja wa kikundi, muuza pweza, ambaye huwachokoa mwenyewe mwambani maji yakitoka, akainua mkono.

"Mwanangu, kwao miezi ni miwili?"

"Miwili, mama."

"Na bamvua linakuja kama la kwetu sisi wenye mmoja?"

Mwenye duka akacheka. "Mama, hiyo hadithi tu. Mle samaki wanaongea."

"Waongee. Maji hufuata mwezi, yana hesabu yake."

Nilijua kosa si la mwandishi. Kulikuwa na ukurasa mzima wa hesabu za maji. Ulinishinda, nikauruka, nikajazia bahari niliyoizoea. Ningeweza kunyamaza, maana kitabu kilikuwa kwangu. Lakini kama daftari haliaminiki, sura zote tatu ni bure. Nikawaambia.

"Kumbe fundi umetufungia kipuri cha friji nyingine," akasema mwenye duka.

Mama hakucheka. "Usituletee bahari ya Bagamoyo, hii tunayo. Katafsiri huo ukurasa, halafu tutaamua."

Ulinichukua jioni nne. Nilichora miezi yote miwili, wa haraka na wa polepole, nikahesabu siku inapoyavuta maji pamoja na siku inapopingana, mpaka hesabu yangu ikalingana na ya kitabu. Jumamosi nikasoma. Nilipofika kwenye siku ambazo maji hayapandi sana wala hayashuki sana, mama akanikatiza.

"Hayo yana jina. Andika maji mafu."

Nikaandika.

"Yanadumu siku ngapi huko?"

"Kumi na moja."

"Basi siku zote hizo mwamba haufunuki, wachokoa pweza wa huko wana njaa. Soma sura ya nne."

Sikuwa nimeitafsiri. Nikafungua kitabu, nikaanza papo hapo, sentensi moja moja, na kila nilipokwama nilisema nimekwama.