Wimbo Niliomtungia Wifi Yangu Ezaru

Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi uani kwetu Koboko, na waliokuwepo nawataja wote, maana hakuna niliyemsahau. Alikuwepo mama yangu Keji, amekaa karibu na moto. Alikuwepo kaka yangu Wani na mke wake Ezaru, binti wa watu wa Ayivu kule Arua, ambaye alikuwa hajamaliza mwaka kwetu. Alikuwepo Mzee Andama, baba yake Ezaru, amekuja kumwona binti yake kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Alikuwepo shangazi Jokudu, dada ya baba yangu, mwanamke wa maneno machache. Na mimi Kiden, msichana wa mdomo, nimepiga magoti kwenye jiwe nasaga mtama. Sisi Wakakwa, Ezaru Mlugbara, kwa hiyo tulikutana katika Kiswahili hiki chetu cha sokoni. Na kwa Kiswahili hicho hicho nikamuumiza.

Mwanangu unayesoma, naandika haya kwa sababu mwezi uliopita mjukuu wangu Poni alitoka Arua mjini akaja kwangu na macho mekundu. Akaniambia, "Bibi, mchumba wangu anasema mimi nalia sana. Nifundishe kuwa mgumu." Nilishtuka mpaka kikombe kikaniponyoka. Mimi ndiye niliyewahi kujaribu kumfundisha mtu ugumu, na sasa nitakueleza nilivyofanya. Herufi zangu ni za darasa la tatu, nivumilie.

Moyo wa Ezaru ulikuwa karibu sana na ngozi, sijui niseme vipi. Mbuzi akichinjwa, analia. Wani akimfokea ng'ombe, yeye ndiye anayeshtuka. Akipita kwenye msiba wa mtu asiyemjua, anarudi amevimba uso. Lakini huyo huyo siku moja alimwambia mama, "Mama, leo wewe iko napumua vibaya. Kaa chini, maji mimi nabeba." Sisi watoto wake wa kuzaa hatukuwa tumeona kitu.

Wakati ule wanawake tulisaga tukiimba, na wimbo wa kusaga ulitungwa pale pale kwenye jiwe, ukimtaja mtu kwa jina. Wifi kumtania wifi ilikuwa desturi. Aliyeimbwa anacheka, na kesho anakuimba wewe. Basi mimi nikamtungia Ezaru wimbo wa machozi yake, nikidhani utamfanya mgumu. Ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe, ulishika upesi. Majirani waliubeba hadi kisimani. Ezaru alicheka kila mara, ila mimi hakuniimba hata siku moja. Hilo peke yake lilitosha kunijulisha kwamba anaumia. Sikulitazama.

Siku ile ya mgeni, Ezaru alikuwa anasonga enyasa, ugali wetu wa mihogo na mtama. Nikaona nimchangamshe mzee. Nikaimba ubeti wa kwanza, nikaimba wa pili. Mzee Andama akapiga paja.

"Eh! Kumbe hata nyinyi mumemjua! Huyu tangu mudogo iko hivyo. Kule nyumbani tulimuita Mawingu!"

Wani naye akacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Ezaru akaweka mwiko chini. Hakuutupa, aliuweka taratibu. Akatuangalia mmoja mmoja, akamalizia kwa baba yake, kisha akatoka akashika barabara, kichwa wazi, miguu bila viatu. Enyasa ikaanza kuungua. Mwanangu, tulikaa pale watu wazima watano tunanusa chakula kinaungua! Shangazi Jokudu ndiye aliyeinuka, akaepua chungu, akamfuata.

Walirudi pamoja, lakini sauti ya Ezaru haikurudi. Siku nne hakusema neno, si kwa mama, si kwa Wani. Baba yake aliondoka asubuhi akisema, "Itapita tu." Haikupita. Ezaru alifunga nguo zake zote katika kitenge, akaliweka furushi mlangoni. Na hakuondoka. Siku ya kwanza nilidhani anatisha tu. Siku ya pili ndipo nikaelewa: aondoke aende wapi? Kwa yule aliyemwita Mawingu? Wani aliacha kula. Kila mtu uani alijua ndoa yake imekaa pale mlangoni pamoja na lile furushi.

Siku ya tano shangazi akaniita. Nilijiandaa kupigwa. Hakunipiga. Alinikalisha kwenye jiwe la kusagia, jiwe tupu bila mtama, akamkalisha Ezaru mbele yangu, akawafukuza wengine.

"Imba."

"Shangazi, mimi..."

"Wimbo yako. Imba yote. Wewe si ni fundi?"

Nikaanza. Wimbo ule ule uliochekesha nusu ya Koboko, bila kicheko ulikuwa matusi matupu. Sikuamini ni mdomo wangu. Katika mstari wa pili koo likakataa.

"Mbona unakwama?" shangazi akauliza. "Unangoja mutu ya kucheka? Hakuna. Basi, hivyo ndivyo yeye anasikia kila siku."

Kisha likaja linalonishtua mpaka leo. Ezaru akafungua mdomo, baada ya siku nne zile, akaumalizia. Wote. Hata beti tulizoimba yeye akiwa kisimani, beti ambazo ningeapa hazijui. Alizisema polepole, hakukosa neno, macho makavu. Aliyelia ni mimi.

"Nilikuwa nacheka ili munipende," akasema. "Wifi, tania kupika yangu, sawa. Tania miguu yangu, sawa. Machozi yangu, hapana. Na Wani akicheka tena, mimi nakwenda, hata kama sina pa kwenda."

Wani alikuwa nyuma ya nyumba, amesikia. Alikuja mlangoni, akaliinamia furushi, akamwuliza, "Nifungue?" Ezaru akaitikia kwa kichwa. Wani akazitoa zile nguo moja moja.

Usidhani iliishia hapo. Misimu miwili ya mvua, nikianza wimbo wowote, hata wa mbuzi, mikono ya Ezaru ilisimama. Nikaacha kuimba. Nikasaga kimya. Nikajifunza kuuliza, "Ezaru, leo vipi?" na kulingoja jibu mpaka lije. Hadi siku moja yeye mwenyewe akaanza kuimba, na wimbo ulikuwa wa mdomo wangu! Mkali, usio na huruma. Nilicheka mpaka nikamwaga mtama. Siku hiyo nilijua tumepona.

Basi mwanangu, kama una moyo wa Ezaru, usiombe ugumu. Sema kinachokuumiza, ukiseme mapema, kabla hujafunga nguo. Usicheke ili upendwe. Kelele za watu zikikujaa, kaa pembeni upumue, si maringo. Anayekupenda atabadilisha wimbo, asiyetaka, umeshamwona. Poni nilimwambia amrudie mchumba wake na maneno hayo hayo, atazame atafanya nini. Na wewe mwenye mdomo kama wangu, kabla ya kusema "ni utani tu", mwimbie huyo unayemtania, nyinyi wawili, pasipo mtu wa kucheka. Sikiliza koo lako.

Mungu akupe watu wanaouliza kabla ya kufungua furushi lako. Akupe usingizi, akupe sauti, na ikipotea, akupe shangazi wa kuifuata barabarani.

Ezaru sasa ni mjane, anakaa Oli, Arua mjini, kwa mwanawe, na kila Jumapili tunapigiana simu. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema, "Andika, lakini wimbo uache." Ndiyo maana haumo. Kama nimekosea jina, au ni siku tano si nne, au mzee alipiga kigoda si paja, aliyekuwepo anirekebishe, nitashukuru. Maneno ya wimbo tu ndiyo msiniulize.